Soma Barua Yote: Namna ya Kuufikia Ukweli wa Yeremia 29:11, Hatua kwa Hatua

Yeremia 29:11 umeandikwa kwenye kadi za mahafali, kalenda za ukutani, fulana za kwaya na status za WhatsApp. Tunaujua kwa kichwa: Mungu anawawazia watu wake mema, na mwisho wao una tumaini. Ni ahadi ya kweli na mimi naishikilia. Lakini wengi wanaoidai hawajawahi kuusoma mstari wa 10, na bila mstari wa 10 ahadi hii inageuka kuwa kitu ambacho Yeremia mwenyewe alikipinga hadharani, hekaluni, mbele ya makuhani na umati wa watu.

Naamini Maandiko Matakatifu ni Neno la Mungu na ni kweli. Kwa imani hiyo hiyo siwezi kutulia nikiona yanakatwakatwa, kila mtu akichukua kipande kinachomfurahisha na kuacha kinachomchoma. Neno lina nguvu ya kumshika mtu akiwa kitandani hospitalini, akiwa amefukuzwa kazi, akiwa amezika. Nguvu hiyo inapatikana likisomwa kama lilivyosemwa. Hatua zifuatazo zinatumia mstari huu mmoja, lakini unaweza kuzitumia popote katika Biblia. Jipe wiki moja. Ukitaka kufanya peke yako sawa, ila mkiwa wawili au watatu ni bora zaidi.

Kabla ya kuanza

Chukua Biblia, daftari na kalamu. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Kama unayo Habari Njema, iweke pembeni yake ikusaidie pale Kiswahili cha kwanza kinapokuwa kizito. Usishtuke kukuta majina yanatofautiana kidogo, Babeli huku na Babuloni kule, ni mji ule ule. Ukisomea kwenye simu, zima data.

Kisha omba. Omba kwa maneno machache, uombe jambo moja: uwe tayari kusikia hata kile usichokitaka. Wapo ndugu zetu wanaolaza Biblia chini ya mto ili wasiote ndoto mbaya, au wanaoiweka kwenye dashibodi ya gari kama kinga. Sitaki kuwadharau, maana nyuma ya tendo hilo kuna heshima. Lakini Yeremia sura ya 36 inatufundisha nguvu ya Neno iko wapi. Ulikuwa mwezi wa tisa, baridi, mfalme Yehoyakimu ameketi karibu na moto katika nyumba yake ya wakati wa baridi. Gombo la maneno ya Yeremia linasomwa mbele yake. Kila zikisomwa kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hadi gombo lote likateketea. Watumishi watatu walimsihi asilichome, hakusikia. Yeremia akachukua gombo jingine, akampa Baruku mwandishi wake, akamtajia upya, na safari hii yakaongezwa maneno mengine mengi ya namna ile ile. Gombo liliungua, ujumbe ukabaki, na yule mfalme hakuukwepa.

Hatua ya 1: Soma sura nzima kwa sauti

Sahau namba 11 kwa leo. Namba hizi Yeremia hakuziandika. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unatokana na kazi ya Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kupata mahali haraka, hilo tu.

Soma sura ya 29 kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sauti inayosikika chumbani. Sauti inakulazimisha kupita kwenye maneno ambayo macho yangeyaruka. Ukimaliza, funga Biblia, uandike kwenye daftari unachokumbuka. Karibu kila mtu atashangaa jinsi sura yenye mstari mtamu namna ile ilivyojaa upanga, njaa, tauni na manabii wa uongo. Andika mshangao wako, utauhitaji baadaye.

Hatua ya 2: Jua nani anamwandikia nani

Hii ni barua. Imetoka Yerusalemu kwenda Babeli, na waliobeba wanatajwa: Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Mfalme Sedekia alikuwa anawatuma kwa Nebukadreza mfalme wa Babeli, na barua ya nabii ikasafiri pamoja nao.

Wanaoandikiwa ni watu waliotekwa mwaka 597 kabla ya Kristo pamoja na mfalme kijana Yekonia, mama yake, wakuu wa Yuda, mafundi na wahunzi. Mshindi alichukua watu wenye kazi mikononi. Mambo haya hayasimuliwi na Biblia peke yake. Kumbukumbu za Babeli zenyewe, zilizoandikwa kwenye udongo na kuhifadhiwa leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, zinaeleza kwamba Nebukadreza aliuteka mji wa Yuda na kumweka mfalme aliyemtaka. Na katika magofu ya Babeli vilichimbuliwa vibao vya posho vilivyochapishwa na mtaalamu Ernst Weidner mwaka 1939, ambavyo vinaorodhesha mafuta aliyopewa mfalme wa Yuda na wanawe watano. Ni yule yule Yekonia wa mstari wa 2. Karani mmoja wa kipagani alikuwa anahesabu vipimo vya mafuta tu, hakujua kwamba anatuachia ushahidi.

Hapa kuna jambo la kuliangalia kwa macho makavu. 2 Wafalme 24 inasema waliochukuliwa walikuwa 10,000. Yeremia 52:28 inataja 3,023. Wako wanaoeleza kwamba hesabu moja ni ya wanaume tu, au kwamba ni makundi mawili tofauti. Mimi naona maelezo hayo yanawezekana, ila sioni sababu ya kumfokea anayeuliza. Imani isiyovumilia swali la hesabu haitavumilia msiba. Andika namba zote mbili kwenye daftari lako na uendelee.

Andika pia hili: wanaosemeshwa ni jamii nzima. Mstari wa 11 hausemi na mtu mmoja kuhusu mtihani wake, biashara yake au ndoa yake. Unasema na watu waliopoteza nchi kwa pamoja.

Hatua ya 3: Rudi sura moja nyuma, umsikilize Hanania

Kama una jioni moja tu ya kufanya kazi hii, itumie hapa.

Soma sura ya 28. Mwezi wa tano, hekaluni. Yeremia amevaa nira shingoni, ile ya kufungia ng'ombe wa kulimia, ishara kwamba mataifa yatamtumikia mfalme wa Babeli. Anasimama Hanania mwana wa Azuri, nabii kutoka Gibeoni, na kwa jina la Bwana anatangaza kwamba nira imevunjwa. Ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi.

Jiulize: ungekuwa umekaa pale, na mwanao yuko Babeli, ungempigia makofi nani?

Tazama Yeremia anavyojibu. Kwanza anasema amina. Anatamani ingekuwa hivyo. Hakuwa mtu aliyefurahia mabaya ya watu wake. Kisha anaweka kipimo: nabii anayetabiri amani atajulikana kuwa ametumwa pale neno lake litakapotimia. Hanania anaichukua ile nira kutoka shingoni mwa Yeremia, anaivunja mbele ya watu wote, na kurudia: miaka miwili. Na Yeremia anaenda zake. Hana jibu la papo hapo, hagombanii kipaza sauti. Neno lilipomjia baadaye ndipo alirudi: nira ya mti umeivunja, mahali pake itawekwa ya chuma. Hanania alikufa mwezi wa saba wa mwaka ule ule, miezi miwili baada ya kuahidi miaka miwili.

Sasa gawanya ukurasa wa daftari katika sehemu mbili kwa mstari wa wima. Kushoto andika Hanania, kulia andika Yeremia. Chini ya kila jina jaza: anasema kwa jina la nani, anaahidi nini, kwa muda gani, anadai nini kwa msikilizaji. Utaona kwamba wote wawili wanasema kwa jina la Bwana, na wote wawili wanaahidi kurudi nyumbani. Tofauti iko kwenye muda, na kwenye madai. Hanania hakudai chochote. Hakuna kutubu, hakuna kujenga, hakuna kungoja. Ni kupokea tu.

Nasema hili nikiwa na uchungu, kwa sababu ujumbe wa Hanania bado unahubiriwa leo, na mara nyingi unahubiriwa kwa kutumia mstari wa Yeremia. Ukiahidiwa ajira ndani ya siku saba kwa sharti la kutoa sadaka ya mbegu, kisha ukasomewa Yeremia 29:11, umesomewa maneno ya nabii mmoja kwa roho ya mwingine. Ukiambiwa kwa mstari huu huu uache dawa za presha, za kisukari au ARV kwa kuwa Mungu anakuwazia mema, usitii. Endelea na dawa zako na endelea kuomba.

Hatua ya 4: Hesabu miaka

Mstari wa 10 unasema miaka 70 kwanza, ndipo Mungu awajilie watu wake. Chukua kalamu. Ukihesabu tangu siku ya kutekwa, mtu aliyetekwa akiwa na miaka 20 angehitaji kufika 90. Fundi wa miaka 40 hana hesabu. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa, kando ya mifereji ya Babeli, walizikwa huko huko. Ahadi ilikuwa ya kweli, na wao hawakuiona kwa macho. Waliipokea kwa ajili ya wajukuu.

Babeli iliangukia mikononi mwa Koreshi mfalme wa Uajemi mwaka 539 kabla ya Kristo, na watu wakaruhusiwa kurudi. Ukihesabu tangu 605, Nebukadreza alipoanza kutawala eneo lile, unakaribia 70. Ukihesabu tangu hekalu lilipobomolewa mwaka 587 au 586 hadi lilipokamilika upya mwaka 515, unakaribia 70 pia. Miaka miwili ya Hanania iliisha, na hakuna chombo hata kimoja kilichorudi.

Waliopata barua walikasirika, na hili nalo lisikupite. Soma mistari ya 24 hadi 28. Shemaya Mnehelami aliandika kutoka Babeli kwenda Yerusalemu akilalamika kwa kuhani kwa nini Yeremia hajafungwa mkatale, kwa kuwa amethubutu kuwaambia kwamba uhamisho utakuwa mrefu. Mstari tunaoupamba kwa maua ulifika mara ya kwanza ndani ya barua iliyomfanya mtu adai nabii afungwe.

Hatua ya 5: Tafuta kazi uliyopewa

Ahadi za Maandiko mara nyingi huja na kazi, na kazi hukaa mistari michache juu au chini yake. Hapa iko mstari wa 5 hadi wa 7. Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, ozesheni, zaeni. Utafuteni usalama wa mji ule na kuuombea, maana usalama wake ndio wenu.

Tulia kwenye neno hilo la kuuombea mji. Mji wenyewe ni Babeli, uliowateka, ambao miaka michache baadaye ungelichoma hekalu lao. Sijui amri nyingine katika Agano la Kale inayokaribia zaidi lile fundisho la Bwana Yesu la kuwaombea wanaotuudhi.

Andika kwenye daftari: Babeli yangu ni wapi? Inawezekana ni mkoa uliohamishiwa kikazi usioutaka, ambapo mwaka wa tatu huu hujapanda hata mche wa mpapai uani kwa kuwa unasema hapa unapita tu. Inawezekana ni ofisi ya bosi anayekudharau. Inawezekana ni ugenini, Muscat au Minneapolis, ambako umekaa na mabegi hayajafunguliwa moyoni. Chini ya swali hilo andika tendo moja la mstari wa 5 na ombi moja la mstari wa 7, yenye jina la mtu au mahali. Usiandike kwamba utakuwa mvumilivu zaidi. Andika kwamba Jumamosi utapanda ule mche.

Hatua ya 6: Angalia Maandiko yenyewe yameisomaje

Mfasiri bora wa Biblia ni Biblia. Fuata marejeo yaliyo pembeni ya ukurasa, au itifaki ya Biblia kama unayo, uone nani mwingine alisoma maneno haya. Utamkuta Danieli, sura ya 9. Amezeeka ugenini, anasoma kitabu cha Yeremia na kuikuta ile miaka 70. Anafanya nini? Anafunga, anavaa magunia, anajipaka majivu na kutubu, na katika sala ile yote anasema sisi tumekosa, ingawa yeye mwenyewe hatajwi kwa kosa. Danieli alikuwa na haki zaidi yetu ya kuidai ahadi ile. Aliidai akiwa amepiga magoti.

Soma na 2 Nyakati 36 mwishoni, na mwanzo wa Ezra, ambapo kurudi kwa watu kunatajwa wazi kuwa kutimia kwa neno la Yeremia.

Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, leta mstari kwa Kristo. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 1:20 kwamba ahadi zote za Mungu zinapata ndiyo yake ndani ya Kristo. Kwa hiyo Mkristo wa Mbeya au Bukavu anaingia katika ahadi hii kwa kupitia Yesu, ambaye naye tumaini lake lilipita msalabani kabla ya kufika kaburi tupu. Ndiyo maana mstari wa 11 unaweza kusomwa kando ya mgonjwa asiyepona, na bado ukawa kweli. Hauahidi kwamba atatoka wodini Jumatatu. Unamwambia kwamba Mungu aliyemshika mikononi mwake hajabadilisha nia.

Hatua ya 7: Upeleke kwa wengine

Usibaki na ulichokipata. Kipeleke kwenye jumuiya, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, kwenye kikundi cha vijana au cha akina mama. Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 wanasifiwa kwa kuchunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo. Kama mtume alichunguzwa na Luka akaona ni jambo la sifa, mhubiri wetu hatakuwa juu ya hapo.

Lakini kuna namna ya kuuliza. Usisimame katikati ya ibada. Mngoje baada ya ibada, msalimie kama unavyomsalimia siku zote, umwambie: “Mchungaji, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Nimesoma nyumbani ile Yeremia 29 uliyotufundisha, nimekwama kwenye miaka 70. Naomba unisaidie, ahadi hii sisi tunaingiaje?” Mchungaji mwema, au Padre, au Mwinjilisti, atafurahi, huenda akakuambia mengi usiyoyajua. Akikukemea kwa sababu umeuliza, umejifunza jambo pia. Endelea kumheshimu, na endelea kusoma.

Hatua ya 8: Kariri mistari miwili

Kariri wa 10 na wa 11 pamoja, kwa maneno ya Biblia yako, hadi usiweze kuutaja mmoja bila mwingine. Siku ukiandika kadi ya mahafali, andika yote miwili. Nafasi ikiwa ndogo, andika ahadi upande mmoja, na upande wa pili uandike kazi ya mstari wa 5.

Ukimaliza sura hii

Chukua Wafilipi 4:13 ufanye vile vile. Anzia mstari wa 10, uone Paulo akiwa kifungoni anazungumzia kushiba na kuona njaa, na usisahau Epafrodito wa mstari wa 18 aliyemletea mahitaji. Halafu nenda Malaki 3:10, ambao huko kwetu husomwa wakati wa zaka. Huo una uzito wake, kwa hiyo anza na sura ya 1, pale makuhani wanapokemewa kwa kuleta madhabahuni wanyama vipofu na vilema, na usiruke 3:5, ambapo Mungu anawashtaki wanaomdhulumu kibarua ujira wake pamoja na wajane na yatima. Kama una dada wa kazi, mlinzi au kibarua ambaye hujamlipa mwezi huu, mlipe kwanza, halafu rudi ukae usome mstari wa 10.